Mgeni wa Jumapili, Lapaha

Lapaha, 2 Februari

Mwanangu Vaimoana,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Najua barua yako ijayo itaanza kwa kuomba radhi kwa kuchelewa, basi nimekusamehe mapema tumalizane.

Sisi huku visiwani wazima. Kaka yako Semisi kiuno kimeongezeka tena. Kwenye harusi ya binti wa mchungaji alimaliza nguruwe mchanga mzima peke yake, halafu akalalamika kwamba viazi vikuu vimemjaza gesi. Kimbunga kilitupita pembeni, kikaondoka na bati la jiko na migomba yote ya upande wa maji. Sela, binti anayeniangalia hapa nyumbani, ananifuata na sahani chumba hadi chumba utadhani mimi ndiye mtoto na yeye ndiye mama mlezi. Anasema nimepungua. Mtu wa miaka sabini na tatu asipopungua anataka afanyeje?

Tulikusikia redioni. "Balozi wetu, Binti wa Kifalme Vaimoana, amewasilisha hati zake." Semisi alilia, ingawa ukimuuliza atasema ni moshi. Mimi nilicheka. Nilikumbuka ulivyokuwa ukijificha chini ya meza wageni wakija, na leo wageni ndiyo kazi yako.

Picha ya gazeti pia nimeiona. Umevaa Laumanu, mkeka wetu wa urithi, kiunoni na umependeza, ila upande wa kushoto umeuachia ukaning'inia. Wenyeji wako bila shaka waliona gunia lililochanika, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi.

Sasa siku yenyewe imepita, na mkeka ule si wa kutembea nao mjini. Viliami, msaidizi wako, akija likizo mwezi wa nne, mpe aulete. Nilikuazima kwa siku ile moja tu, na unajua mahali pake ni chini ya godoro langu. Mama yangu alipokufa alilazwa juu ya Laumanu siku tatu, ya tatu wakautoa, akazikwa bila mkeka huo, ukaja chini ya godoro langu. Kabla yake mama yake, na kabla ya huyo mama yake mwingine. Anayefuata ni mimi, na baada yangu ni wewe. Si kwamba nina haraka. Nakumbusha tu.

Ule mwingine niliokutilia sandukuni, mnene, wa msiba, kaa nao. Balozi hakosi kuitwa kwenye misiba.

Shangazi yako,
Kalolaine


London, 20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa, na umeshanisamehe, basi naendelea.

Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Wiki iliyopita nilikula chakula cha jioni mara tano na watu ambao majina yao naandikiwa kwenye kikaratasi na Viliami. Waziri mmoja aliniuliza kama kwetu kuna umeme. Nikamwambia upo, ila tunauzima ili tuone nyota. Akaliandika kwenye daftari lake, masikini. Mchana nashughulikia mkataba wa samaki: nani avue jodari kwetu, wangapi, miezi gani. Wanafunzi wetu wanakuja ofisini kulia, nawapa chai na magimbi ya kopo. Usicheke, ndiyo yaliyopo.

Picha ile ulivyosema ni kweli. Upande wa kushoto ulining'inia.

Nina jambo lililonichosha. Mwanzoni mwa mwezi polisi wa mji mmoja wa bandari, kaskazini kabisa, walinipigia simu kwamba wametoa mtu majini na kitabu chake cha ubaharia kinasema ni wetu. Nilikwenda na Viliami kwa treni, saa sita nzima. Mtu wa miaka thelathini hivi, mikono mikubwa ya kuvuta nyavu. Kwenye kitabu ameandikwa Siaosi, kijiji hakuna, baba hakuna. Meli yake ilikuwa imeshaondoka. Nikapiga simu nyumbani, redio ikatangaza mara tatu, na labda wewe mwenyewe ulisikia. Hakuna kijiji kilichojibu.

Walitaka kumchoma moto. Ndivyo wanavyowafanyia wasio na ndugu. Nikawaambia mtu wetu hachomwi, na mkigusa kiberiti nitakaa hapa mlangoni na taji langu lote hadi magazeti yaje. Sina taji, lakini wao hawajui. Wakaniruhusu. Walinivalisha glavu za mpira, nikamwosha nywele, nikampaka mafuta ya nazi uliyonipa, nikamfunga mkeka kutoka sandukuni. Tulimzika Jumamosi tarehe kumi na sita, mchana. Tuliimba mimi na Viliami, sauti mbili tu, na mchungaji wa pale hakujua aiweke wapi mikono yake.

Nisalimie Sela. Kula anachokupa.

Mwanao,
Vaimoana


Lapaha, 11 Machi

Vaimoana,

Marahaba. Semisi anasalimu, kanisa limepata paa jipya, binti wa mchungaji ameshagombana na mumewe. Hizo ndizo habari. Sasa nisikilize.

Unajua Jumapili ya kwetu ilivyo. Watu wakitoka kanisani, shimo la kuokea chakula likifunuliwa, wakishakula, nchi nzima inalala. Hakuna gari wala mtu njiani, hata mbwa anajua. Mimi usingizi wa mchana umenikimbia siku hizi, basi hukaa kitini sebuleni, mlango wa baraza wazi, natazama ua.

Jumapili ya tarehe kumi na saba Februari niliona mtu amekaa chini ya ngazi ya baraza, kwenye saruji. Mwanamume. Amekunja miguu, kichwa ameinamisha, mikono magotini, kama mtu wa kawaida anavyokaa mbele yetu wa ukoo wa mfalme, adabu tupu. Alikuwa ameloa chapachapa. Nikadhani ni mlevi ametumbukia majini. Nikamuuliza, "We, mtoto wa nani?" Hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Chakula kipo, nyama ya kwenye majani na tui, sema tu." Maji yakamdondoka tu. Sela akatoka chumbani anafikicha macho.

"Unaongea na nani, Bibi?"

"Na huyu hapa."

"Wapi?"

Nikageuka kumwonyesha, nikaona maji tu. Sela aliyapiga deki huku ananung'unika kwamba sasa nimeanza kumwaga chai. Akaonja kidole. Akanyamaza, Vaimoana, na unamjua Sela, hanyamazi hata akiwa na pipi mdomoni. Yalikuwa ya chumvi.

Jumapili iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata, na jana. Saa ileile, mahali palepale. Mbwa wetu anakwenda kulala kando yake. Jana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Hakunitazama mimi. Alitazama dirisha la chumba changu, kitanda changu, kwa muda mrefu, kama mtu aliyetumwa kitu na hajui aanzeje kusema. Na upepo ulipogeuka nikasikia harufu ya mafuta ya nazi, yale ninayoyapika mimi na maua yangu. Hakuna duka linaloyauza.

Barua yako ilifika siku tano zilizopita. Nimeisoma hadi karatasi imelegea. Umemzika Jumamosi mchana. Kwenu kukiwa Jumamosi mchana, huku Jumapili imeshaingia.

Sina maneno mengi. Nina swali moja tu, ulijibu kwanza kabla ya mawaziri na chai zako. Ulimfunga mkeka upi?

Kalolaine


London, 9 Aprili

Shikamoo Shangazi mpendwa,

Natumaini kanisa halivuji tena. Huku mazungumzo ya samaki yamefika pagumu. Wenzetu wanataka bahari yetu yote ya kaskazini na wanaiita ushirikiano. Nakaa mezani saa nane kwa siku, natabasamu hadi mashavu yanauma. Juzi nilifungua maonyesho ya vitambaa vyetu vya magome ya miti, nikakata utepe, mama mmoja akaniuliza kama vinafuliwa kwa sabuni gani.

Nimelizunguka swali lako kwa siku ishirini. Haya.

Chumba kile cha maiti kilikuwa na taa moja tu, nayo ilikuwa inawaka na kuzimika. Tulikuwa na dakika chache. Sanduku nililifungua sakafuni. Mikeka yako yote miwili ni mizee, yote imechanika pembeni, na mkononi nilikuwa na mpira. Mkono wa mpira hausikii wembamba wala unene. Nilichukua, nikamfunga, wakapiga skurubu. Niliporudi London nikafungua sanduku, na nikaukuta mkeka mnene wa msiba umelala humo peke yake.

Ni Laumanu, Shangazi. Nisamehe. Viliami anakuja mikono mitupu, usimgombeze, hajui kitu.

Kuna jambo jingine, na ningependa usilisome kwa sauti mbele ya Sela. Mlinzi wa makaburi ya kule alinipigia simu mwezi uliopita. Theluji ilianguka siku mbili, ikafunika makaburi yote, isipokuwa moja. Aliniuliza kwa upole, kama anaogopa kuniudhi, tulizika nini pale. Nikamwambia tulizika mtu. Na wiki hii kiti cha nyuma cha gari la ubalozi, upande usiokaliwa na mtu, kimekuwa kikiloa. Fundi ametafuta tundu amelikosa.

Sijamwona kama unavyomwona wewe. Lakini nakuomba, kama shangazi yangu na mkubwa wangu, mwache alale. Ameshazikwa. Kosa ni langu, adhabu nipe mimi.

Vaimoana


Lapaha, 29 Aprili

Vaimoana,

Viliami alikuja. Alinipa chokoleti na hakuthubutu kuniangalia usoni.

Tangu ukiwa mdogo unajua kwamba shangazi akisema, mtoto wa kaka yake hapingi. Ningeweza kuichukua nyumba ya baba yako, mashua yake, nguruwe wake wote, na asingefungua mdomo. Sijawahi kukuomba kitu hata kimoja. Leo siombi.

Fungua kaburi. Toa Laumanu. Mfunge ule mnene, mwimbie tena, mrudishe chini. Hakulala, mwanangu. Ungemwona usingeniambia amelala. Kitu cha wakubwa kinamkaa mwilini kama joto la homa, na mimi kwa upande wangu siwezi kulala bila changu.

Alikuwa anakaa chini ya ngazi. Sasa amepanda moja. Jumapili ya Pasaka alikaa ya kwanza, jana alikaa ya pili. Baraza langu lina ngazi tatu.

Kalolaine


London, 15 Juni

Shikamoo Shangazi,

Wiki tisa na nusu sijakuandikia. Nisingizie mkataba, maana kweli tumetia saini, na bahari ya kaskazini imebaki yetu karibu yote. Mfalme ametuma salamu. Nimepigwa picha nikicheka. Lakini sababu ya kimya changu siyo samaki. Sababu ni woga.

Nilikudanganya. Glavu walinivalisha, ni kweli. Nilizivua kabla sijamgusa nywele. Mtu wetu ataoshwa kwa mpira kama sahani? Nilizivua, na nilipotia mkono sandukuni nilijua upi ni upi kabla macho hayajafika. Laumanu ni laini kama shavu la mtoto, nani asiujue? Nilishika ule mnene kwanza. Nikautandika mezani. Halafu nikamtazama. Redio ilikuwa imeuliza nchi nzima mara tatu, na nchi nzima ikanyamaza. Hakuna mama aliyesema huyo wangu. Nilikasirika, Shangazi. Nikasema moyoni, basi apewe kikubwa kuliko vyote tulivyonavyo. Nikaukunja ule mnene nikamfunga Laumanu. Nilijua ni wako. Nilijua pia kwamba baada yako ni wangu. Nilifanya nikiwa na akili zangu zote.

Sasa amri yako nimeitii. Kufukua maiti huku kunataka fomu, na fomu inataka ndugu. Balozi peke yake hatoshi. Ofisa akaniambia, Mheshimiwa, pale palipoandikwa uhusiano na marehemu usipaache wazi. Nikaandika: dada. Nikatia saini, wakapiga mhuri.

Tulifungua tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi, jua limewaka. Mimi, daktari wao, mlinzi wa makaburi na wachimbaji wawili. Skurubu zilikuwa zote mahali pake, nilizihesabu, hakuna iliyokwaruzwa. Wakainua kifuniko.

Shangazi, alikuwa amelala bila kitu, na uso wake haukuwa umeharibika hata kidogo. Laumanu ulikuwa miguuni pake. Umekunjwa. Umekunjwa mara nne, upande wa ndani umetazama nje, manyoya mekundu ya pindo lake yamelazwa katikati yasivunjike, kama mnavyoukunja wewe na Sela, na kama hakuna mtu mwingine duniani anayeukunja. Ulikuwa mkavu. Yeye alikuwa ameloa na amejikunyata, mikono ameikumbatia kifuani, kama mtu aliyesikia baridi akaamua kuvumilia. Daktari alitoka nje kuvuta sigara, na baadaye akaniambia havuti sigara.

Jeneza liko katika chumba chao, limefungwa, na mkeka bado umo ndani. Sasa hakuna haja ya kumvua mtu. Ni kunyoosha mkono tu nikauchukua, na ungeshafika kwako. Lakini mkono wangu haukunyooka. Nilikuwa nimempa, naye amenirudishia.

Nifanye nini? Sema chochote, nitafanya.

Vaimoana


Lapaha, 2 Julai

Mwongo wewe,

Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao, halafu ningekukumbatia, na sijui kipi kingetangulia. Glavu! Nami nikaamini, mtu mzima na mvi zangu.

Barua yako nilimsomea Semisi. Amekasirika kwelikweli, alipiga meza. Anasema mtu asiyejulikana hawezi kulala na kitu cha bibi zetu, watu watatucheka kuanzia hapa hadi visiwa vya Vavau. Nikamwambia, wewe ni mtoto wa kaka yangu, kaa chini. Akakaa.

Umeandika dada. Kwenye karatasi ya serikali ya watu, yenye mhuri, mbele ya mashahidi. Unajua ulichofanya? Kama wewe ni dada yake, mimi ni nani wake? Nimekaa na neno hilo siku mbili bila kula, Sela nusura aite polisi. Kila maiti wetu ana shangazi wa kumkalia kichwani, kando ya kichwa chake, hadi azikwe. Hata mwizi anaye, hata mlevi. Yule hakuwa na mtu. Kumbe anakuja hapa kila Jumapili, anapanda ngazi moja moja kwa adabu zake zote, na mimi bibi mzima nadhani amekuja kuniomba radhi.

Na kuhusu kukunja, nitakuambia alichokifanya. Ulimpa kitu ambacho si chako kumpa. Alijua hilo, wewe hukujua. Akakitunza, akakikunja vizuri, akakaa na baridi yake, akawa anakuja kwa mwenyewe kusema kipo salama. Ni nani katika hao mawaziri wako angefanya hivyo?

Mwenyewe nimesema: apewe. Nenda kamfunike. Mwambie kwa sauti, kwa jina langu, kwamba Kalolaine amempa na hautatolewa siku ya tatu wala siku yoyote. Halafu mlete. Atalala Lapaha, upande wetu, na nitamkalia kichwani mimi.

Kuna jambo nami nimelificha, basi tulingane. Daktari alinieleza mwezi wa kwanza. Kitu kiko tumboni na hakitoki. Sikukuambia kwa sababu ungeacha bahari yetu mezani ukaja kunikanda miguu. Sasa naomba ufanye haraka na huyu mtu, maana kumkalia kichwani ni kukaa usiku na mchana, na mgongo wangu bado unaweza, lakini sijui hadi lini.

Jumapili alikaa ya tatu.

Shangazi yenu,
Kalolaine


London, 24 Julai

Shangazi yangu,

Nimelia hadi Viliami akafunga ofisi. Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa nahesabu jodari wakati wewe unahesabu siku. Nimekukasirikia na sina nguvu ya kukukasirikia.

Nimefanya ulivyosema. Nilikwenda kule peke yangu, nikawaambia wote watoke, nikaukunjua Laumanu nikamfunika hadi shingoni. Nikasema maneno yako kwa sauti, kwa lugha yetu, neno kwa neno. Hakuna kilichotokea. Nilikaa saa nzima. Nilipoinuka kumtazama mara ya mwisho niliona mikono yake imeachia kifua, imelala ubavuni. Sijui ni lini. Siulizi.

Viliami anaondoka naye kwa ndege Jumamosi, mtampokea tarehe thelathini. Mimi siji. Wamenizuia. Kuna mkutano wa visiwa vyote kuhusu bahari, na makao makuu wameniandikia kwamba nisiondoke mezani hadi umalizike. Nimeomba mara mbili. Nitakuja Septemba wiki ya kwanza, tiketi ninayo mkononi. Kula, Shangazi. Tafadhali nisubiri.

Mwanao,
Vaimoana


Lapaha, 12 Agosti

Mwanangu Vaimoana,

Naandika kwa mkono wa Sela, mimi nimelala, na akikosea herufi ni yeye. Anasema hakosei.

Alifika salama. Watu walikuja kutazama kwanza, unawajua, walitaka kuona kama nimerukwa na akili. Waliponikuta nimekaa kichwani pa jeneza, nywele nimezifungua, nimevaa mkeka wa msiba uliochakaa hadi kwapani, wakavua viatu. Mchana wakaja wanakwaya. Hakuna kijiji kilichojitokeza kusema ni wetu, hata baada ya yote. Basi ni wetu. Semisi alikata nywele zake kama ndugu mdogo na hakuna aliyemwambia. Siku ya tatu msemaji wa ukoo wetu alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama Laumanu utolewe sasa. Nikamwambia, ukiugusa nitakulaani wewe na kizazi chako. Ukaenda naye. Niliposikia mchanga unaanguka juu yake niliumia, sitakuficha, niliumia kama nimezika mama yangu mara ya pili. Halafu likapita.

Jumapili ya tarehe nne nilimwambia Sela aniketishe mlangoni. Hakuja. Ngazi kavu, mbwa anazungukazunguka hajui alale wapi. Nikasema amelala. Nilifurahi, na jioni nikagundua kwamba namkosa.

Jana amekuja.

Si kama zamani. Alikuwa mkavu, nywele zimechanwa, zinang'aa mafuta. Na hakukaa. Alisimama barazani kando ya mlango, mgongo kwangu, uso nje, kama wanavyosimama watu waliotumwa kumchukua mkubwa na wanamngoja amalize kuvaa. Sela naye alimwona safari hii. Anatikisa kichwa nisiseme, lakini alimwona, alitoka akamwekea kiti.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Mtoto wangu hajafika." Akainamisha kichwa. Alingoja hadi kengele ya pili ya kanisa, akaondoka kwa kushuka ngazi zote tatu, taratibu, kama mtu anayejua atarudi.

Nilikuwa nikiogopa, Vaimoana. Miezi hii yote, na ucheshi wangu wote, nilikuwa naogopa njia ile ya peke yangu. Sasa naogopa kidogo tu. Lakini sidhani kama atangoja hadi Septemba. Hao wa mkutano waambie shangazi yako amekuita, na wasipoelewa, waachie kiti chako. Barua hii nampa Viliami akuletee kwa ndege, basi njoo kabla Jumapili mbili hizi hazijaisha. Lete mkeka wowote utakaoupata, hata wa kununua njiani, nitalala juu yake.

Na ukifika mchana ukamkuta amesimama mlangoni, usiogope wala usimpite kimya. Mwamkie. Ni kaka yako.

Shangazi yako,
Kalolaine